Springi za gramu 55, 62 na 68 kwenye kibodi: uzoefu wangu

Zote tatu nimezitumia kwenye kibodi moja ya vitufe 87, swichi za Gateron Yellow (swichi ni kifaa kidogo chini ya kila kitufe, springi iliyo ndani yake ndiyo inayokirudisha juu, na gramu ni uzito wa kukibonyeza), kwa kazi ya kusikiliza sauti na kuiandika kutwa nzima hapa Kisumu. Uamuzi wangu: 62 kwenye vitufe karibu vyote, 55 kwenye herufi A, na 68 kwenye kitufe cha nafasi.

Ukitaka kununua, anza na namba ya kwenye pakiti, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Wauzaji hawaipimi mahali pamoja. Kuna wanaoandika uzito wa pale herufi inapotokea, kitufe kikiwa kimeshuka kama milimita 2, na kuna wanaoandika uzito wa kukifikisha chini kabisa, kwenye milimita 4. Cherry, watengenezaji wa swichi, husema swichi yao nyekundu ni 45 na nyeusi ni 60, na vipimo hivyo ni vya katikati ya safari. Basi 62 iliyopimwa chini kabisa iko jirani na ile nyekundu. Aliyezoea nyeusi akiinunua akidhani anapata nzito zaidi, atashangaa vidole vikizama. Zangu zote zimepimwa chini kabisa. Tangazo lisiposema, muulize muuzaji, na asipojibu achana naye.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Toboa kipande cha boksi, chomeka swichi isimame wima, iweke juu ya mizani ndogo ya kidijitali na urudishe namba kwenye sifuri. Ibonyeze polepole kwa ncha ya kalamu. Namba hupanda taratibu, kisha swichi ikigonga chini inaruka ghafla. Ile ya mwisho kabla ya kuruka ndiyo yako. Pima kadhaa, kwa sababu springi za pakiti moja hazilingani sawasawa.

Urefu nao una maneno yake. Springi ya milimita 14 au 15 huanza nyepesi na kuongezeka uzito kadiri unavyobonyeza. Ya milimita 20, hata ikiwa na namba ileile, imeshabanwa sana kabla hujaigusa, kwa hiyo huanza nzito, haiongezeki sana, na hurudi juu kwa kasi. Mimi naipenda fupi kwa kuandika. Ndefu zinasumbua kufunga: hupinda ukiteremsha ganda la juu la swichi, na iliyopinda husugua ndani kila ukibonyeza.

Sasa hiyo A. Kiswahili kimeijaza kila mahali, na mzigo wote uko kwenye kidole kidogo cha kushoto, kilicho dhaifu kuliko vingine. Andika "wanapatana" uone: mara tano. Kupunguza gramu saba hapo kunasikika kabisa ikifika alasiri. Lakini 55 kwenye kibodi nzima sikushauri. Vidole vikipumzika tu, herufi zinajiandika. 68 kote inapunguza makosa hayo ila inachosha mkono. Mahali pake ni kitufe cha nafasi: ni kirefu, kina waya wake wa kukisawazisha, na kwa springi nyepesi hurudi kivivu.

Wenye swichi za kigongo, yaani zenye kinundu unachokihisi katikati ya kubonyeza, kama Cherry Brown, wajihadhari na nyepesi mno. Springi ndiyo inayosukuma kijiti, ile sehemu inayoshuka ukibonyeza, kivuke tena kigongo kikirudi juu. Ikishindwa, na hasa ukiwa umepaka grisi nzito, kitufe kinakwama chini.

Kubadilisha si kazi ngumu kama swichi zinachomoka. Zikiwa zimelehemiwa kwenye bodi, mara nyingi itabidi uzilehemue kwanza, na hapo heshima kwa fundi. Swichi za Gateron na Cherry zina vibanio vinne vya kushikilia ganda, za Kailh nyingi zina viwili, kwa hiyo kifungulio, kidude cha kufungulia swichi, lazima kilingane. Ukirudisha kijiti, miguu yake ielekee upande wa kibati cha shaba kilicho ndani ya swichi, na kibati hicho usikiguse: kikipinda, herufi itatoka mara mbili au isitoke kabisa. Unapochomeka swichi tena, kagua pini zimenyooka, kisha bonyeza wima.

Springi zipake oili kabla ya kufunga, la sivyo zitalia kama waya uliopigwa. Springi 100 zinatosheka na matone matano hadi manane ya oili ya Krytox 105 ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu. Jaza hewa, funga, tikisa. Zikisokotana, zizungushe zitoke. Ukizivuta zinanyooka na zimeharibika. Mafuta ya kupikia ama ya kujipaka hapana, yananata na kukamata vumbi.

Springi peke yake mimi huagiza kutoka nje, na usafiri unaweza kupita bei ya mzigo, kwa hiyo unganisha na oili na kifungulio. Pakiti ya 100 inatosha kibodi ya 87 na ziada. Yenye vitufe 104 chukua ya 110. Za ziada zifungie kwenye kopo lisilopitisha hewa. Unyevu wa ziwani na jasho la vidole huleta kutu kwenye chuma kisichopakwa kitu.