Filta ya samaki wa mkia-upanga: ipime umeme unaporudi

Tangu umeme uanze vituko vyake hapa Mwanza, malalamiko ninayotumiwa na wanaofuga mkia-upanga, samaki wadogo wa mapambo wa tangini, yanafanana. Dada wa Igoma kaamka asubuhi zulia limelowa chapachapa. Kijana wa Pasiansi, filta inakoroma usiku kucha lakini maji hayatoki. Wa Nyegezi, samaki wote wako juu wanatweta. Wote watatu walinunua filta kwa kuangalia lita kwa saa zilizoandikwa kwenye boksi.

Lita kwa saa sitaziongelea, wala kelele. Mimi nauliza moja tu: umeme ukikatika saa nane usiku, ukarudi saa kumi na moja alfajiri wewe umelala, hiyo filta itaamka yenyewe?

Namba moja kwangu ni Eheim, ile ndogo ya kuzamisha ndani ya tangi, pickUP 160. Ndiyo, napendelea, na sioni aibu. Kampuni hii ya Wajerumani ipo tangu 1949, na kifaa kimoja kikifa unanunua hicho tu, si filta nzima. Mota inakaa majini muda wote, kwa hiyo umeme ukirudi inazunguka papo hapo. Kuna kero mbili. Plagi yake ni ya pini mbili za duara, soketi zetu ni za pini tatu, na adapta za bei chee hulegea zikapata moto, nunua nzito. Ya pili ni watoto. Jike wa mkia-upanga hujifungua karibu kila mwezi, na hata ukimtenga na dume ataendelea kuzaa kwa miezi, kwa sababu huhifadhi mbegu za dume tumboni. Watoto hawafiki sentimita moja, filta inawanyonya. Ivalishe kipande cha soksi nyembamba ya kike, ukifue kila wiki.

Namba mbili, Sobo ya kuzamisha. Mota iko majini vilevile. Plastiki yake si ya Kijerumani, na bei yake pia si ya Kijerumani.

Namba tatu ni zile za kuning'inia ukingoni mwa tangi, ambazo kila duka linakusukumia kwanza kwa sababu zinapendeza machoni. Hapa ndipo alipoumia wa Pasiansi. Nyingi mota yake iko ndani ya kile kiboksi cha nje, na hufanya kazi mradi kiboksi kimejaa maji. Joto la Mwanza likishapunguza maji ya tangi vidole viwili, umeme ukikatika kiboksi kinakauka. Ukirudi, mota inasaga hewa. Weka sikio: utasikia mkwaruzo mkavu, na mdomo wa filta hautoi hata tone. Ikikaa hivyo hadi asubuhi, imekwisha. Zipo zenye mota iliyozama, kama Seachem Tidal, hizo zinaamka zenyewe, ila sijui nani Mwanza atakuuzia bila kukutoa roho. Halafu ili ining'inie lazima ukate mfuniko, na mkia-upanga ni mrukaji hodari. Pengo la vidole vitatu linamtosha dume aliyefukuzwa na mwenzake. Ziba kwa sponji.

Za kopo, zinazokaa kwenye kabati chini ya tangi, ziache. Umeme ukikosekana saa nyingi, bakteria wanaosafisha maji wanakosa hewa mle ndani na kuanza kufa, kisha umeme ukirudi uozo wote unamwagwa kwenye tangi. Muulize wa Nyegezi.

Sponji na pampu ya hewa: rahisi, haimezi watoto. Pampu ikae juu kuliko maji, au weka vali ya kuzuia maji kurudi, la sivyo umeme ukikatika maji yanashuka kwenye mpira hadi sakafuni. Ndilo zulia la Igoma.

Sasa wauzaji. Filta ikisafiri na basi kutoka Kariakoo hadi hapa, bei inapanda utadhani ilikatiwa siti ya dirishani. Hapo hapo unabebeshwa hita, Mwanza hii, kwa samaki anayeridhika na nyuzi 22 hadi 28! Na wimbo wao ni kwamba maji ya ziwa yanafaa kila samaki. Mkia-upanga asili yake ni Meksiko hadi Hondurasi, anapenda maji yenye chokaa. Ya Ziwa Victoria ni laini, yaani chokaa yake ni kidogo. Tia vipande vya makombe ya pwani vilivyooshwa vizuri ndani ya filta. Ya bomba yalaze kwanza siku nzima, klorini itoke.

Ukifika dukani, mwambie aiwashe kwenye maji, achomoe, msubiri dakika tano, achomeke tena. Ya kuning'inia, apunguze maji vidole viwili kabla. Wapo watakaokujibu kuwa kitu kipya hakijaribiwi. Rudisha hela mfukoni.