Manyani Wawili wa Liwali: Vitabu Vyangu vya Hadithi kwa Nyumba Nzima

Haya wapendwa, hamjambo? Karibuni tena. Leo hakuna blenda, hakuna pasi, wala ile feni ya kuchaji. Leo mezani kuna vitabu vya hadithi. Nimeshawaona kwenye maoni: "Dada, chaneli yako ni ya vyombo vya nyumbani, vitabu vimeingiaje?" Vimeingia kwa sababu nyumba nyingi nikiingia hapa Tanga, iwe Makorora, iwe Chuda, iwe kwetu Ngamiani, kabati la vioo limejaa. Kuna vikombe vya wageni ambavyo wageni hawajawahi kuvinywea, maua ya plastiki, picha ya harusi, rimoti mbili za televisheni iliyokwisha kufa. Kitabu cha hadithi hakimo. Kikiwemo ni cha shule, kimevikwa gazeti, na mwenye nacho alimaliza kidato cha nne zamani.

Kwa hiyo leo navichambua kama ninavyochambua pasi. Kinafanya kazi au hakifanyi? Na kazi ya kitabu cha hadithi kwangu ni moja: msomaji afike mahali aseme "halafu?" Asiposema "halafu?", hata kiwe na mafunzo mia, mimi nakirudisha dukani.

Wale wa feni, msinipigie kelele. Video yake ni Alhamisi, bado naipima inakaa na chaji muda gani umeme ukikatika.

Tuanze na watoto. Hiki hapa. Adili na Nduguze, Shaaban Robert. Subirini! Msihame! Najua ukisikia jina hilo unanusa chumba cha mtihani. "Kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, jadili." Huyu mtu ni wa kwetu, amezaliwa Vibambani, Machui, kusini ya mji hapa, mwaka 1909, akafariki 1962. Dar es Salaam wana mtaa na shule yenye jina lake. Sisi wenyewe tumebaki naye kama swali la mtihani. Wasifu wake mwingine mnaujua, siurudii. Nataka kitu kimoja tu humu ndani, nacho ni manyani.

Sikilizeni, nawasimulia kwa maneno yangu. Kuna liwali, yaani mtawala wa mji, anaitwa Adili. Mtu mwema, raia zake wanamsifu, hana baya. Mfalme anamtuma mjumbe kwake. Mjumbe anapokewa vizuri, analishwa, anaandaliwa pa kulala. Sasa usiku mjumbe anagundua mwenyeji wake halali. Anatoka. Anamfuata polepole, ananyata. Anamwona yule yule liwali mwema anaingia mahali walipofungwa manyani wawili, na mkononi ana mjeledi. Anawachapa. Hawatishi, jamani, anawachapa kweli. Akimaliza, anawabembeleza, anawapa chakula, anarudi ndani.

Hapo nafunga kitabu. Hivi. Pap!

Njoo hapa, bwana mdogo, njoo usimame kwenye kamera. Huyu ni mtoto wa kaka yangu, ana miaka tisa. Waambie jana uliuliza nini.

"Shangazi, kama anawapenda si awaache tu? Nani anamlazimisha?"

Mmesikia? Nani anamlazimisha! Mtoto wa miaka tisa kauliza swali ambalo kitabu kizima kimejengwa juu yake. Na mimi sikumjibu. Nikamwambia kesho. Akanuna. Alinuna mpaka kwenye chai ya asubuhi, hata maandazi hakuyashangilia. Haya, nenda. Usiguse taa hiyo! Taa, taa! Haya.

Sasa nioneshe jinsi ninavyomsomea, maana hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea halafu wanasema mtoto hapendi kusoma. Sogeza kamera. Mnauona ukurasa? Sentensi ndefu, maneno ya zamani. Usimpe mtoto hiki akasome peke yake chumbani, atakirudisha baada ya ukurasa mmoja, na ana haki. Hiki kinasomwa kwa sauti. Wewe ndiye betri yake. Neno gumu ukilikuta, lipite, usisimame kutoa maana, maana ukisimama manyani wanapoa. Sauti ishushe mjumbe anaponyata. Mjeledi, piga kofi kwenye paja lako, hivi, pa! Akishtuka, umempata. Na ukifika pale ambapo marehemu anasifia wema ukurasa mzima, maana alipenda kunasihi, Mungu amrehemu, mimi naruka. Nimesema naruka. Walimu mnisamehe au msinisamehe. Atakisoma tena mwenyewe akiwa mkubwa, sifa atazikuta zinamsubiri.

Na tafadhali, ukimaliza usimuulize "tumejifunza nini?" Hapo umekigeuza kuwa mtihani. Mwache alale na manyani wake.

Manyani ni nani, sisemi. Jini anaingiaje, sisemi. Nduguze wametajwa kwenye jalada, fikirini wenyewe.

Wale wenye watoto wa miaka minne mitano, hiki bado. Wao wapeni Abunuwasi. Anaazima sufuria, anairudisha na kisufuria kidogo, anasema imezaa, mwenyewe anafurahi anapokea. Siku nyingine anaazima tena, harudishi, anasema imekufa. Mtoto anacheka mpaka anaanguka mkekani. Na ni hadithi ya chombo cha nyumbani, kwa hiyo msiniambie nimetoka nje ya mada ya chaneli.

Ubora wa bidhaa. Hapa nimekasirika na sitaficha. Ona nakala hii nyingine. Naifungua katikati, navuta kidogo tu kwa vidole viwili, ukurasa huo, umetoka. Na huu. Huu nao. Hii ni fotokopi iliyobandikwa gundi ikauzwa kama kitabu. Muuzaji simtaji, lakini nawaonesha dalili. Moja, maandishi ya upande wa ndani yamefifia na yamepinda, kwa sababu waliokitoa nakala walishindwa kukilaza sawasawa kwenye mashine. Nyingine, mgongo: kikunje taratibu, kikilia kama karatasi kavu, gundi ni ya kubahatisha. Jalada nalo rangi yake imekosea, uso wa mtu umekuwa wa zambarau. Kabla hujatoa hela, fungua katikati na uvute kidogo. Muuzaji akikasirika, umeshapata jibu lako. Mama yangu yeye akikuta kimeachia hakitupi, anatoboa matundu kwa msumari mwembamba na kukishona kwa uzi wa fundi viatu. Hiki hapa alishona yeye, mnaona? Vutaaa. Hakitoki.

Vijana. Kidato cha kwanza mpaka cha nne, wale wenye simu mkononi na tamthilia za Kituruki kichwani. Sishindani na Waturuki, nazitazama mwenyewe. Ila mpe huyu: Mzimu wa Watu wa Kale, Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar. Kilishinda mashindano ya uandishi ya 1957 hadi 1958, kikatoka kitabu 1960, na bado kinakimbia. Maiti imekutwa kwenye mzimu, pale mahali pa kutambikia. Mpelelezi wake anaitwa Bwana Msa, mtu wa kiko, anavuta, anawaza, anawaacha wote wanahangaika kisha anauliza swali moja dogo linalowamaliza. Raha yake ni kwamba Bwana Msa hapigani ngumi. Anakaa anazungumza na watu kwa adabu zote za pwani, salamu zake na mizaha yake, na katikati ya maongezi mtu anajikuta kajichoma mwenyewe. Sisi tuliokulia kwenye vibaraza tunaujua utaalamu huo, shangazi zetu wanao.

Watu wa yule mpelelezi Willy Gamba nawasikia mnagonga meza. Ndiyo, Elvis Musiba, Kufa na Kupona, 1974, bastola, ndege, wanawake warembo. Na Ben Mtobwa na mpelelezi wake Joram Kiango. Baba zetu walisoma hivyo mpaka majalada yakaisha. Mbio zake ni kali kuliko za Bwana Msa, hilo nakubali. Ila mimi wa miaka 13 simpi, pombe na mahaba mengi. Wa miaka 16, sawa, na wewe kisome kwanza, utajidai unakikagua.

Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo mnakijua kwenye silabasi. Kizuri, kinauma, mtoto ambaye hajawahi kukosa sare ya shule akisome. Tunaendelea.

Kusadikika sasa, cha Shaaban Robert yule yule. Nilikiweka fungu la vijana, lakini hapa nikikitazama naona mkono unakipeleka huku kwa watu wazima. Nchi iko angani. Kijana Karama anashtakiwa barazani kwa sababu anataka kufundisha watu elimu ya sheria. Anayemshtaki ni waziri, anaitwa Majivuno. Na Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje, wakarudi na mambo mema, wakaishia gerezani. Kilitoka 1951, Mwingereza bado yupo Tanganyika. Someni hicho mkiwa mmelipa kodi ya nyumba, mmekaa foleni ofisini, mmezungushwa na mtu aliyeshika muhuri. Kijana atakiona ni safari sita. Wewe utamwona Majivuno kwa sura. Haya, nimeamua, ni cha watu wazima. Au kijana mjanja. Basi kikae katikati hapa.

Watu wazima kabisa: Vuta N'kuvute, Adam Shafi, 1999. Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka kumi na tano, anaozwa mzee wa duka, Bwana Raza. Zanzibar ya miaka ya hamsini. Watu wakikizungumzia watakwambia harakati, ukoloni, yule mwanaharakati Denge na wenzake. Sawa. Mimi nipeni Mwajuma. Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo, huko huko Zanzibar mjini, mwenye chumba kidogo na moyo mpana, mpenda taarabu, anayempokea Yasmin wakati jamaa zake mwenyewe wamemfungia mlango. Kila mtaa wa Ngamiani una Mwajuma mmoja, na kila mtaa unamsengenya mchana na kumwendea usiku ukiwa na shida. Filamu yake ilitoka 2021, Amil Shivji ndiye aliyeiongoza, nzuri kwa macho. Lakini kitabuni unakaa na Mwajuma muda mrefu zaidi, kwa hiyo mshindi kwangu ni kitabu.

Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971, iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Nikishasema hivyo nimeshawauzia, siongezi neno.

Na Peponi, ya Abdulrazak Gurnah. Huyu ndiye aliyepata tuzo ya Nobeli ya fasihi 2021, Mzanzibari wetu, akapongezwa nchi nzima na watu ambao vitabu vyake walikuwa hawajavishika, kwa sababu viliandikwa Kiingereza. Ida Hadjivayanis amekileta kwa Kiswahili, Mkuki na Nyota wakakichapa 2022. Mtoto Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz, anadhani anakwenda kutembea kwa ami yake, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba. Kisha misafara ya kwenda bara. Watu wa Pangani mnaosikiliza, misafara ya namna hiyo imepita kwenu. Kinaenda taratibu, nawaambia mapema. Kurasa za mwanzo niliona kama gari la mizigo linapanda mlima. Safari ya bara ikianza, nililala saa nane usiku.

Bei. Mnasubiri bei. Hiki cha Peponi ni ghali kwa mfuko wangu. Hivi vyembamba nimenunua kati ya shilingi 8,000 na 15,000, kutegemea duka na unavyobembeleza. Kuna wenzangu wenye chaneli za vitabu wanasoma maneno ya jalada la nyuma dakika tatu halafu wanasema "kitabu bora cha mwaka". Sitaji mtu. Ila mwangalieni kama mgongo wa kitabu chake umewahi kukunjwa.

Ukiwa huna hela, maktaba ya mkoa ipo hapa hapa mjini, ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Nenda uulizie uanachama, mpeleke na mtoto, mwache achague mwenyewe hata akichagua kibaya.

Haya, bonyezeni kengele, mniandikie mtoto wenu aliuliza nini mlipofunga kitabu kwenye manyani. Na jambo langu binafsi: natafuta Kisima cha Giningi, cha Bwana Msa pia. Iwe na jalada iwe haina, nanunua, na hela ya bodaboda mpaka Ngamiani nalipa mimi. Ila kurasa za mwisho ziwepo. Ni hadithi ya upelelezi hiyo, bwana.