Prisoners (2013): Baba Anapojichukulia Sheria Mkononi

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Leo ni Prisoners, filamu ya mwaka 2013 ya mwongozaji Denis Villeneuve. Wiki hii nimeitazama kwa mara ya tatu, na bado kuna mahali nilisimamisha nikatoka nje kupunga upepo.

Kisa kiko Pennsylvania, Marekani, Siku ya Shukrani. Familia mbili majirani wamekula pamoja. Watoto wao wawili wa kike, Anna na Joy, wanatoka nje, hawarudi. Polisi wanamkamata Alex, kijana mwenye mwili wa mtu mzima na akili ya mtoto wa miaka 10, kwa sababu gari lake chakavu lilionekana mtaani. Ushahidi hakuna, anaachiwa. Basi Keller, baba yake Anna, seremala na mtu wa sala, anamteka na kumfungia kwenye jengo tupu aliloachiwa na marehemu baba yake.

Keller ni Hugh Jackman, na hapa msahauni kabisa yule Wolverine wake wa makucha ya chuma kwenye filamu za X-Men. Anapovunja sinki kwa nyundo mbele ya Alex, unaona baba aliyechanganyikiwa kwa uchungu, na unamwelewa. Hilo ndilo lililonitisha: nilikuwa upande wake.

Lakini walionikaa moyoni zaidi ni wazazi wa Joy, Franklin na Nancy, yaani Terrence Howard na Viola Davis. Franklin anaona Keller akimtesa Alex, analia, anaendelea kumshika Alex. Nancy anakuja, anamwona Alex kwa macho yake, halafu anaamua: hatumsaidii Keller, wala hatumzuii. Jamani! Mimi nimekulia mtaa ambao mtu akipigiwa kelele ya "mwizi" haulizwi kaiba nini. Warusha mawe walikuwa wachache. Wengi tulisimama tukitazama, nami nikiwemo, mtoto wa shule na sare yangu. Kesho yake inasemwa ni "wananchi wenye hasira kali", basi imeisha. Sijawahi kuona filamu inayomnyooshea kidole mtazamaji wa pembeni kama hii.

Picha ni za Roger Deakins, aliyeteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hii. Mvua, matope, baridi. Unatamani kujifunika shuka. Jake Gyllenhaal, mpelelezi Loki, anapepesa macho kama mtu asiyelala siku nyingi, safi sana. Kasoro ninayoiona ni theluthi ya mwisho: mafumbo yanarundikana kuliko kisa kinavyohitaji.

Ni dakika 153. Tazameni watoto wakishalala, na simu iwekeni mbali, maana maneno anayonong'ona Alex nje ya kituo cha polisi yanapita haraka, na aliyeyasikia ni Keller peke yake. Yote anayomfanyia yule kijana yanaanzia hapo.