Besi fupi ya zamani kwa anayeanza: Fender Musicmaster Bass ya miaka ya 70

Jamani kila mtu anayetaka kuanza kupiga gitaa la besi anauliza kitu kilekile, aanze na besi ndefu ya kawaida au hizi fupi, na hizi fupi za zamani ni vyombo vya kazi au ni vya kutundika ukutani tu. Mi naongelea Musicmaster Bass ya Fender maana ndo ninayoipiga, na naona ni kati ya besi za zamani ambazo hata mtu asiyejua noti ya E iko wapi anaweza kuishika akaanza kazi.

Urefu kwanza, hapo ndo penyewe. Besi ya kawaida tangu Precision ya Fender ya 1951 ina inchi 34 kutoka nati ya juu (kale kakipande karibu na kichwa nyuzi zinapopitia) mpaka kwenye briji (zinaposhikiliwa nyuzi huku mwilini), hii ina 30. Utasema inchi nne ni nini bwana, haya weka mkono uone: kwenye besi ndefu kutoka nati mpaka freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya nne ni karibu sentimita 18, kwenye hii hazifiki 16, na huko karibu na kichwa ndo anayeanza anashinda siku nzima kwahiyo hizo sentimita mbili utazisikia kwenye kidole kidogo kabla hujazisikia kwenye sauti. Mwenye vidole vifupi, au mtoto, au mtu aliyezoea gitaa la solo, anafika kwenye noti bila kuzungusha kiganja kizima.

Alafu kuna mvutano wa nyuzi, hili watu wengi hawaliongelei. Chukua nyuzi zilezile, unene uleule, zikaze mpaka zitoe sauti ileile, kwenye inchi 30 mvutano unapungua kwa zaidi ya asilimia 20. Faida yake vidole haviumii sana na unaweza kufanya mazoezi muda mrefu. Hasara yake ni kwamba uzi wa E, ule mnene kuliko wote, unakuwa kama umelegea, ukiupiga kwa hasira unagonga freti na sauti yenyewe inaanza juu kidogo ndo inatulia. Dawa ni nyuzi nene kidogo, au zile bapa zilizo laini juu, mi naweka bapa na sirudi nyuma. Ila hakikisha ni seti ya besi fupi, usichukue za besi ndefu ukasema utakata, maana sehemu nene itaishia kuzungushwa kwenye funguo za kutuni na pale uzi unakatika au unafumuka na unakuwa umefulia.

Hizi besi zilitoka mwanzoni mwa miaka ya 70 zikaishia mwanzoni mwa 80, na toka mwanzo zililengwa kwa wanafunzi, zikiwa daraja la chini ya Mustang Bass, besi nyingine fupi ya Fender iliyotoka 1966. Ili ziwe bei nafuu Fender walitumia vilivyokuwepo stoo: ukifungua kile kifuniko cha plastiki cha pikapu (kile kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi) unakuta ndani pikapu ya gitaa la kawaida yenye nguzo sita za sumaku, moja kwa kila uzi wa gitaa, wakati besi ina nyuzi nne! Nguzo hazikai chini ya nyuzi kama inavyotakiwa lakini kiukweli inafanya kazi, sijui kwanini ila ukipiga na wenzako inasikika vizuri katikati, inakata kwenye mchanganyiko, haifunikwi na kinanda. Usitegemee ule mtikisiko wa kifuani wa Precision, haumo humu. Nobu ziko mbili tu, sauti na toni, mi toni naishusha kama nusu nasahau. Na inavuma kidogo ukiwa karibu na kompyuta au taa mbovu, pikapu ya koili moja ndo zilivyo.

Kinachonikera ni briji. Vyuma vinavyobeba nyuzi viko viwili tu, E na A wanagawana kimoja, D na G kingine, kwahiyo ukirekebisha E ikae sawa huko chini ya shingo basi A inasogea nayo. Ukipiga huku juu karibu na kichwa hutagundua kitu, ukishuka freti ya 12 utasikia noti inakataa kidogo. Kwa anayeanza siyo kesi, kwa anayerekodi ni kesi.

Watu wanasema besi fupi ni za watoto, sawa, Paul McCartney wa Beatles alinunua Höfner 500/1 yake 1961 na ni fupi, Jack Bruce wa bendi ya Cream alipiga Gibson EB-3 na ni fupi pia. Tofauti ni ladha. Hiyo Höfner ina tumbo tupu ndani, ukisimama karibu na spika kubwa inaweza kuanza kulia yenyewe, na Gibson za familia ile, kuanzia EB-0 ya 1959, zina pikapu nene iliyobandikwa karibu na shingo inayotoa sauti nzito ya matope matope, tamu lakini noti hazitengani vizuri na anayeanza anahitaji kusikia makosa yake. Kwa hilo Musicmaster inawashinda.

Sa ukienda kuangalia ya kununua anza na shingo, rangi baadaye. Shika uzi wa E freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, angalia katikati, kunatakiwa pawe na kinafasi chembamba tu, pakiwa na pengo kubwa shingo imepinda. Chuma cha ndani ya shingo kwa Fender za enzi hizo kinakazwa upande wa chini, yaani mara nyingi ufungue shingo ndo ukifikie, kwahiyo muulize muuzaji kama bado kinazunguka, akianza kujikanyaga ondoka. Piga kila noti kwenye kila uzi, freti zilizoliwa zitajisema zenyewe. Nobu zikikwaruza usiogope, dawa ya kupuliza ya kusafishia umeme inamaliza. Na ukikuta imepigwa rangi upya au imebadilishwa funguo, wakusanyaji wanaikimbia na bei inashuka, wewe unayetaka kujifunza ndo uikimbilie.

Amplifaya usichomeke kwenye kale kadogo ka gitaa la solo ukafungulia mpaka mwisho, E ya chini ni kama hezi 41 na spika ndogo inaweza kupasuka, tafuta ya besi hata ndogo au piga kwa hedifoni.

Kama unataka kupiga slapu (kuzigonga nyuzi kwa dole gumba) muda wote hii siyo yako, nyuzi zimelegea mno. Na kama uliyoipata shingo yake ina shaka yoyote achana nayo chukua besi ya Bronco mpya ya Squier, chapa ya bei nafuu ya Fender, nayo ni inchi 30 na pikapu moja, haina historia ila shingo yake haijakaa juani miaka 50.