Moldi ya lenzi iliyokatwa kwa almasi moja kwa moja kwenye chuma kigumu, nimekaa nayo miezi mitano

Nina kakiwanda kadogo hapa Kizota, Dodoma, tunatoa lenzi za tochi na taa za sola, za akriliki, upana milimita 38. Wateja wangu wengi wako Hombolo, wanalinda mashamba ya zabibu usiku, hao hawataki mwanga unaotawanyika hovyo, wanataka umulike mbali.

Moldi yangu ya kwanza, yaani chuma chenye tundu la kumiminia plastiki itoke lenzi, ilisuguliwa kwa mkono, msasa na pasta. Kwa macho inang'aa kama kioo cha saluni ila washa tochi ukutani uone, maduara maduara na kidoa cha giza katikati, maana mkono unang'arisha huku unaharibu umbo. Ya pili chuma kilipakwa nikeli kisha almasi ikakereza ile nikeli, na kiukweli mwanga ulitoka safi, sema siku moja lenzi iliganda dogo akaichokoa na bisibisi, nikeli ikabanduka pembeni kama rangi ya kucha. Kosa letu sawa, lakini kiwandani ndo kulivyo.

Sasa hii ya tatu haina mpako, almasi imekata chuma chenyewe kikiwa kimeshapikwa kikawa kigumu, Rockwell 52 kwa kipimo cha ugumu. Nikamuuliza fundi wa hao walioikata mbona basi wengine wanahangaika na nikeli? Akaniambia almasi ni kaboni, na chuma kina uchu wa kaboni, vikikutana na lile joto la kukata ncha ya almasi inaliwa fasta, hata kazi haijafika nusu. Dawa yao ni kukitetemesha kisu mara elfu 40 hivi kwa sekunde, ncha inazunguka kiduara kidogo kilichobanwa, inagusa inaachia, inagusa inaachia. Nikamwelewa haraka, ni kama mama anavyookota kaa la moto kwa vidole analirudisha jikoni, haungui maana halikai mkononi. Na wala si mbinu ya jana, Wajapani Shamoto na Moriwaki waliiandika tangu 1994.

Kilichonifurahisha kabla hawajaanza kukata waliniuliza plastiki gani natumia, kwa sababu akriliki ikipoa inasinyaa na hiyo lazima uifidie kwenye moldi. Wale wa kwanza hawakuuliza kitu.

Mzigo nilienda kuuchukua Dar nikarudi nao kwa SGR nimeupakata mapajani kama mtoto mchanga. Karatasi yake inasema ukwaruzo wa uso, yaani vilima na mabonde yake, ni nanomita 7, na unywele mmoja una kama nanomita elfu 80, hebu piga hesabu. Halafu mimi mwenyewe nikafanya ujinga, ilikuwa mwezi wa nane na upepo wa Dodoma mnaujua, nimefungua boksi mlango uko wazi, vumbi likatua, nikafuta na kitambaa kikavu. Mkwaruzo. Mwembamba kama uzi wa buibui lakini upo, na kila lenzi inayotoka kwenye tundu hilo inao. Vumbi lipulizeni kwanza jamani, ndo mfute kwa pamba na spiriti, bila kukandamiza.

Mpaka leo imeshapiga kama shoti elfu 60 (kila shoti ni kujazwa plastiki mara moja) na zaidi ya huo mkwaruzo wangu haina kitu, kingo zote ziko kamili, na ukutani doa la mwanga ni duara moja tu.

Lawama ninazo pia. Bei ilikuwa mara tatu ya ile ya nikeli, waliahidi wiki tano zikawa tisa, na ukiikinga lenzi juani kwa upande unaona kaupinde ka mvua, ni mistari ya kisu hiyo. Kwa tochi haina shida, ila mwenye kutaka lenzi ya kamera awaambie mapema wamalizie kwa kung'arisha. Nyota nne. Boksi sahivi lina kufuli, ufunguo nalala nao, na bisibisi nimeziondoa zote karibu na mashine nikaweka vijiti vya mianzi.