Ampli ya gitaa ya kupigia nyumbani kwa sauti ya chini: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Mtu akitaka kununua ampli ya gitaa swali la kwanza ni wati ngapi, na hapo ndo hela za watu wengi zinapopotelea. Wengi wetu hapa Tanga tunakaa nyumba za vyumba, Ngamiani, Makorora, Mabawa, korido moja milango sita, ukuta umeishia usawa wa mbao za paa na juu ni bati tupu hamna dari, yaani sauti haina haja ya kupenya ukuta, inapita juu yake inamkuta jirani kitandani. Kwa maisha haya ampli unayoitafuta ni ile inayotoa sauti tamu ikiwa chini, ukubwa wa sauti hauna kazi.

Wati zenyewe ziko hivi. Ili sikio lisikie sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi hivi. Kwa hiyo ampli ya wati 5 inasikika kama nusu ya ile ya wati 50, wala siyo sehemu ya kumi. Na spika nyingi za gitaa za inchi 12 zikipewa wati moja tu zinatoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) kama 97 hadi 100 ukiwa umekaa mita moja, wakati watu wakiongea kawaida sebuleni ni desibeli 60 hivi. Maana yake wati moja tu tayari ni ugomvi na mama mwenye nyumba, na wewe ukipiga saa tatu usiku unatumia kipande kidogo sana cha hiyo wati moja. Kinachoamua utamu hapo ni spika, ni jinsi ampli inavyokuwa ikishushwa, na ni namna unavyopanga besi na trebo.

Halafu kuna jambo la sikio lenyewe. Mwaka 1933 huko Marekani watafiti wawili, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo sikio letu linapoteza besi, na zile za juu kabisa nazo zinafifia, zinabaki za kati. Ndo maana ukishusha volyumu gitaa linakuwa jembamba, kavu, kama limekwama kooni, unaanza kuilaumu ampli kumbe ni sikio. Dawa yake ni kuongeza besi kidogo na trebo kidogo ukiwa chini, ila siku ukienda kupiga ukumbini kwa sauti kubwa uzipunguze tena, la sivyo besi itafunika bendi nzima. Kwa hiyo ampli inayokubali kuhifadhi mipangilio miwili, wa nyumbani na wa ukumbini, naipa alama za ziada kabisa.

Ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni umeandikwa na wapiga roki, wao shida yao kubwa ni kwamba ule mngurumo wanaoupenda unatoka kwenye ampli za valvu, zile zenye taa za kioo ndani, zikisukumwa hadi mwisho, ukizishusha mngurumo unakufa. Sisi mji wetu ndo uliotoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na taarabu ya Black Star na Lucky Star iliyoingiza gitaa la umeme na besi, na gitaa la muziki huo karibu lote ni sauti safi, solo inayolia nyuzi nyembamba, rizimu inayokatakata, eko kidogo basi. Sauti safi haihitaji valvu kuchemka ndo ikae sawa. Hii ni bahati kubwa kwa mpiga gitaa wa dansi au taarabu, maana vifaa vya bei ya chini vinamtosha vizuri kuliko vinavyomtosha mpiga roki, na orodha yangu nimeipanga kwa kulijali hilo.

Namba moja naweka pedali ya efekti nyingi, yaani kifaa cha kukanyaga kwa mguu kinachobadili sauti ya gitaa, mfano Zoom G1 Four, halafu unaichomeka kwenye hedifoni au spika ulizonazo tayari. Najua hii siyo ampli na kuna watu watakataa, lakini nisikilizeni. Ndani yake kuna ampli za kuigiza, kuna eko, korasi, kompresa, ngoma za kufanyia mazoezi, tyuna ya kurekebishia nyuzi, na inakula betri nne za kawaida za AA kwa hiyo umeme ukikatika mazoezi hayasimami. Jumapili unaitia kwenye begi unaenda nayo kanisani, au unaenda nayo kwenye harusi unaichomeka moja kwa moja kwenye mikisa. Kompresa ndo silaha kubwa ya sauti ya chini kwa solo zetu, inainua noti zinazofifia na kuzishusha zilizoruka, gitaa linaimba muda mrefu bila kuongeza volyumu, ila usiizidishe maana itaanza kuinua na makelele ya waya.

Hapa niseme la sabufa, kwa sababu kila nyumba ina sabufa na kila kijana anajaribu kuchomeka gitaa humo. Ukichomeka gitaa moja kwa moja inalia vibaya kwa sababu mbili. Ya kwanza, tundu la sabufa limetengenezwa kwa simu na deki, pikapu za gitaa, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, zinataka tundu lenye ukinzani mkubwa zaidi, la sivyo trebo inamezwa na sauti inakuwa dhaifu. Ya pili, spika ya gitaa kwa kawaida inakata sauti za juu kuanzia kilohezi 5 hivi, tofauti na spika ya muziki inayopiga mpaka juu kabisa, kwa hiyo ukiweka distosheni unasikia nyuki tu. Pedali ya efekti inatibu yote mawili, mradi uwashe kile kipengele cha kuiga boksi la spika. Wengi wanakisahau kisha wanasema kifaa kibaya. Na ile spika kubwa ya besi ya chini ishushe karibu na sifuri, gitaa halina kazi nayo na ndo hiyo inayomtikisa jirani.

Namba mbili ni ampli ndogo za mezani zilizotengenezwa makusudi kwa nyumba. Kwa utamu peke yake hizi ndo bora kuliko zote, nimezishusha kwa sababu ya bei tu, mwenye uwezo asihangaike na namba moja. Yamaha walianza na THR mwaka 2011, na THR10II ya saivi ina wati 20 na vispika viwili vidogo, ukiiweka mezani kwa sauti ya kuongelea bado besi ipo na eko inazunguka kichwa kama uko chumba kikubwa. Positive Grid wana Spark 40, na wadogo zake Spark Mini ya wati 10 na Spark GO ya wati 5 zenye betri za kuchaji, hizi zinaongozwa na simu, na kama hupendi kufungua programu kila unapotaka kubadili kitu basi nenda Yamaha, nobu kuu ziko juu unazigusa kwa mkono. Boss Katana Mini, wati 7 na spika ya inchi 4, haina mbwembwe lakini ni ya bei nafuu, inatumia betri sita za AA, sauti yake safi inapendeza, ngurumo yake pia siyo mbaya. Roland Micro Cube nayo usiidharau ukiikuta imetumika, kwenye sauti safi yenye korasi inafanya kazi nzuri sana, na toleo lake la GX lina spika ya inchi 5.

Namba tatu ni Boss Katana 50, na hii ni kwa mtu ambaye tayari yuko bendi. Ina spika ya inchi 12 na swichi ya nguvu yenye nafasi tatu, wati 50, 25 na 0.5, kwa hiyo nyumbani unaiweka 0.5 na ukumbini unaifungua. Spika kubwa ina mwili ambao vidogo havina hata ikiwa chini, noti za nyuzi nene zinatoka kamili. Tatizo ni uzito, zaidi ya kilo 11, ukipanda nayo bodaboda kila wiki mgongo utakuambia, na kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi inakula nafasi ya stuli mbili. Kama hupigi nje, usinunue ukubwa usioutumia.

Namba nne, vile vidude vya kuchomeka kwenye gitaa lenyewe na kusikiliza kwa hedifoni, Vox amPlug au Fender Mustang Micro. Kimya kabisa, jirani hajui kama upo. Mustang Micro ni bora kwa mbali kwa sababu ina ampli 12 za kuigiza na inapokea muziki wa simu kwa Bluetooth, unapiga solo juu ya wimbo. Lakini gitaa lenyewe lisikilize kwa hedifoni za waya, maana za Bluetooth zinachelewa, unapiga noti sasa unaisikia baadaye kidogo, mdundo wote unavurugika. Nimeweka hizi chini kwa sababu masikio yanachoka na kwa sababu mpiga gitaa anahitaji kusikia hewa ikitikisika, ukipiga hedifoni miezi yote siku ya jukwaa mkono unakuwa mgeni.

Namba tano ni saundi kadi na laptopu. Focusrite Scarlett Solo au nyingine yenye tundu la ala, halafu unaweka Neural Amp Modeler ambayo ni ya bure na inaiga ampli halisi kwa namna ya kushangaza kweli. Kama laptopu ipo na unataka kurekodi, hii inaruka mpaka namba mbili bila ubishi. Bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho laptopu inakusanya kabla ya kuitoa, weka sampuli 128 au chini kama mashine inaweza, ikizidi sana utasikia kuchelewa. Ila kwa mazoezi ya kila siku, mpaka uwashe mashine, ufungue programu, uchomeke waya tatu, hamu imeisha.

Namba sita ampli ndogo za kawaida, Orange Crush 12, Vox Pathfinder 10, Marshall MG10 na wenzake. Siyo mbaya, Orange hasa ina sauti ya kati iliyoshiba, ila volyumu zake nyingi zinaruka, unagusa kidogo sauti imetoka sifuri imefika kwa jirani, kuipata ile sehemu ya chini iliyotulia ni kazi. Ukiipata imetumika kwa bei ya kirafiki chukua, ila kabla ya kulipa jaribu kuizungusha volyumu kati ya sifuri na moja polepole sana, ikiwa inakwaruza au sauti inakatika huenda chumvi ya bahari imeshaingia, dawa ya kupuliza inaweza kusafisha, mwombe muuzaji apunguze.

Ya mwisho kabisa ni ampli za valvu, hata zile za wati moja. Marshall DSL1 inashuka mpaka wati 0.1 na kwa roki ni tamu mno, lakini nimeshaeleza wati moja ni kelele kiasi gani, na kwa sauti safi za kwetu hupati faida inayolingana na bei. Mtu akikuuzia ya wati 50 kwa bei ya kutupa ya kupigia chumbani, mwache nayo. Na usije ukaichomoa spika ukaiwasha eti upige kimya, transfoma ya kutolea sauti inaungua.

Baada ya kununua, chumba nacho kinataka akili. Usiweke ampli sakafuni wala kwenye kona, kona inaongeza besi, na besi ndo inayopita kila mahali. Iweke juu ya stuli ikuelekee masikio, kaa karibu nayo mita moja hivi, utashangaa unaweza kushusha kiasi gani ukaendelea kusikia kila kitu. Godoro likiwa ukuta wa nyuma au pazia zito linasaidia kupunguza ule mwangwi wa saruji. Na joto la Tanga linatulazimisha feni muda wote, sasa ile regyuleta ya feni ya ukutani mara nyingi inaingiza muungurumo kwenye pikapu za koili moja, pamoja na chaja feki na tyubulaiti. Weka feni mwisho kabisa au izime kabisa, geuza mwili robo mzunguko na gitaa lako, muungurumo mara nyingi unapungua sana kabla hujaanza kulaumu waya.

Duka zenye vitu hivi kwetu ni chache, wengi tunaagiza Kariakoo kifurushi kinakuja na basi. Kabla ya kutuma hela omba picha ya lebo ya umeme nyuma ya ampli au kwenye adapta. Ikisoma 100-240V iko salama. Ikisoma 100V peke yake imetoka Japani, ikisoma 120V ni ya Marekani, umeme wetu ni 230V, ukichomeka hivyo hivyo inaungua hapo hapo, kwa hiyo ingiza gharama ya transfoma ya kushusha kwenye bei au achana nayo. Kwa pedali uliza pia adapta, nyingi zinataka 9V yenye hasi katikati, na zile adapta za jumla za dukani nyingi zina chanya katikati. Omba na video fupi ampli ikiwa inapigwa kwa sauti ya chini, siyo ya juu, kwa sababu ikiwa juu karibu kila ampli inalia vizuri kwenye simu, chini ndo unasikia kama inakoroma, kama inakatakata, au kama kweli imetulia.