Umeme wa Relini au Betri Ndani ya Injini?
Kwa mkazi wa Kampala anayeendesha treni ndogo ya mfano ya kipimo cha 1:87 (yaani ndogo mara 87 kuliko treni halisi), ambayo reli zake zimeachana kwa milimita 16.5, umeme wa volti 12 unaopita relini huifanya injini iwe nyepesi na rahisi kutengeneza, lakini vumbi jekundu la kiangazi huyazuia magurudumu yasipokee umeme vizuri, hivyo hayo na reli hufutwa kwa spiriti mara kwa mara. Injini ya betri haijali uchafu huo, wala haisimami umeme wa nyumbani unapokatika. Hata hivyo, betri za lithiamu huchakaa, na nafasi ya kuziweka ni finyu mno. Tone la mafuta kwenye gia, injini zote mbili hulihitaji. Mimi ningeiachia betri treni za mfano kubwa zaidi, zile za bustanini.